Chamchanga Mwenye Miguu ya Manjano

Mdogo wangu ni mwongo hodari katika kila jambo isipokuwa ndege. Atakudanganya kuhusu alikolala na aliyemkuta njiani, nawe utamwamini, maana ana uso wa mtu aliyetoka kuoga. Lakini mwambie kwamba mnandi ni bata, uone kama atavumilia. Hata akiwa anazama atatoa kichwa majini akurekebishe kwanza, kisha ndipo aendelee kuzama.

Ugonjwa huo ameurithi. Mama yetu alikuwa mwongoza wageni wa kwanza katika hifadhi ya ardhioevu iliyo chini ya mtaa wetu, pale mto unapotanuka na kugeuka matete, tope na madimbwi. Alitupeleka huko tangu hatujui kufunga kamba za viatu. Mimi nilijifunza kwa jasho. Mdogo wangu hakujifunza, alijua tu. Ndege akiwa bado doa kwenye ukungu, mimi nafuta vioo vya darubini kwa pindo la gauni, yeye keshamtaja na kurudi kutafuna karanga zake. Watu wakambandika jina la Mwewe, likamganda hata walimu wakalitumia. Mimi hawakunipa jina. Nilikuwa Dada yake Mwewe, na ndivyo ninavyoitwa sokoni mpaka leo, ingawa ndiye aliyenifuata mimi kuja duniani.

Mwewe alisoma akawa mkaguzi wa madaraja, akaajiriwa mbali sana. Ukimpigia simu unamsikia yuko juu ya daraja fulani, upepo unakula nusu ya maneno yake. Mimi nilirithi kazi ya Mama hifadhini, na alipougua nikamrithi na Mama mwenyewe. Namgeuza, namwosha, namnywesha uji, kisha navaa viatu vya mpira nakwenda kuwaonyesha watalii korongo. Jirani anakaa naye mpaka nirudi. Mwewe kazi yake ilikuwa kutuma sauti kwenye simu. Sauti tamu kweli, maana mdomo anao. Mama alikuwa akizisikiliza mara tatu tatu, na mimi nimesimama pale na beseni mkononi.

Daktari alipotuambia kwamba safari ya Mama haiko mbali, nilimpigia Mwewe siku ileile. Alilia. Akasema anaomba ruhusa, anakuja. Siku mbili tatu baadaye akapiga kusema mvua imechachamaa huko, daraja limezolewa, magari yamepanga foleni pande zote mbili.

"Wewe si ndiye mkaguzi wa madaraja?" nilimwuliza.

"Dada, usinitanie wakati huu."

Basi Mama akawa anasubiri. Hakuwa na haja nyingine yoyote. Chakula hakitaki, redio haitaki, jamaa wakija anafumba macho mpaka waondoke. Kila nikimfungulia dirisha asubuhi huniuliza kitu kimoja. "Daraja limetengenezwa?" Namjibu kwamba mafundi wako kazini. Nilikuwa nasema uongo wa Mwewe kwa mdomo wangu bila kujua.

Kabla sijaendelea lazima nieleze utaratibu mmoja wa chama chetu cha watazamaji ndege, na huo aliutunga Mama mwenyewe. Tunauita macho manne. Ndege wa kawaida, neno la mtu mmoja linatosha. Umeona yangeyange, umeona. Lakini ndege ambaye hajawahi kuonekana hifadhini hakubaliwi mpaka aonwe na watu wawili waliokuwepo palepale, siyo mmoja aliyeona na mwenzake aliyesimuliwa. Ukiwa peke yako, hata uwe mwenyekiti, ndege wako huandikwa kwa jina la yule wa kawaida anayefanana naye. Mama alisema mtu aliye peke yake alfajiri huona anachokitamani. Watu wamenuniana miaka kwa sababu ya macho manne. Kuna mama mmoja alihama chama kabisa.

Siku ya Jumanne nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama amechangamka kidogo. Kwenye simu kundi la chama lilikuwa linawaka moto. Fundi Saa, mzee mwenye kibanda cha kutengeneza saa pale kona ya barabara kuu, alikuwa amepiga picha ya chamchanga, ndege wa matopeni, hifadhini asubuhi, akaapa kwamba ni yule mwenye miguu ya manjano, ndege wa ng'ambo ya bahari kuu, ambaye hajawahi kuguswa na macho ya mtu wa huku. Wenzake wakamrukia. Huyu wa kwetu wa kila msimu ana miguu ya kijani, na ukimtazama kwa mbali hawa wawili ni pacha. Na picha yenyewe ilikuwa ya kusikitisha. Fundi Saa mkono wake hautetemeki kwenye saa tu, kwingine kote unatetemeka. Ndege amegeuka, mgongo huku, mdomo ameuzamisha majini, na maji yamemfika tumboni. Ulichokuwa unaona ni mgongo na maji.

Mama akataka kusikia. Nikaweka simu kwenye mto karibu na sikio lake. Mwenyekiti alisema ni miguu-kijani, tusipoteze muda. Mwingine akasema labda ni kandambili imeelea. Mama akatabasamu, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa kitambo. Halafu ikaja sauti ya Mwewe.

"Jamani, mnamwonea Fundi. Huyo si miguu-kijani. Alipotoka majini akapanda kwenye tope miguu ilikuwa ya manjano, manjano ya ganda la ndizi. Na aliporuka hakuwa na ule weupe unaopanda mgongoni. Weupe uliishia kiunoni. Acheni ubishi."

Nilicheka kwa fahari. Ndiyo, kwa fahari, maana hasira yangu kwake haikuwahi kufika kwenye macho yake.

"Umemsikia mwanao?" nikamwambia Mama.

Mama alikuwa hatabasamu tena. "Nirudishie," alisema.

Nikamrudishia.

"Kwenye picha miguu inaonekana?"

"Hapana, Mama. Imo majini."

"Na mabawa? Ameyafungua?"

"Ameyafumba."

 Mimi bado nilikuwa na kicheko mdomoni, na kikanikwama pale. Nilielewa polepole, kwa jasho, kama ninavyoelewa kila kitu. Huwezi kujua rangi ya miguu iliyozama kwenye picha. Huwezi kujua mgongo wa ndege aliyefumba mabawa. Hayo anayajua aliyekuwa amesimama pale asubuhi ile, ndege akitoka majini. Hapakuwa na daraja lililozolewa. Mwewe alikuwa hapa mjini, mwendo wa kutembea kutoka kwenye kitanda hiki.

Nilipochukua simu nisikilize tena nikakuta ameshaufuta ujumbe. Mwenyekiti akaandika kwamba inaonekana Mwewe amegundua kosa lake, basi mjadala umefungwa. Wengine hawakushtuka. Wote walikuwa wakibishana kuhusu ndege, na walichokisikia ni hoja za ndege tu. Aliyesikia mtu ni Mama peke yake.

"Macho anayo, mtoto huyu," alisema. Alisema kwa kumsifu, na hicho ndicho kilichoniumiza kuliko vyote. Mwanawe amekuja mjini akamkwepa, akaenda kutazama tope, na yeye anamsifia macho.

Nikasimama kutafuta viatu. Akanishika kiganja. Nguvu za kushika hakuwa nazo, lakini nilibaki.

"Usimfuate," alisema. "Nataka aje. Sitaki aletwe. Wala usimseme kwa watu."

"Mama, yuko hapo chini."

"Nimekusikia. Niahidi."

Nikamwahidi. Tangu jioni ile hakuuliza tena habari za daraja. Asubuhi nilifungua dirisha nikangoja, akatazama ukuta.

Ahadi ya kutomsema niliitunza. Ile ya kutomfuata niliitunza nusu siku. Jumatano nilipomaliza wageni wa asubuhi nilipita juu ya tuta kwenda kibanda cha pili, kile cha zamani, ambacho watalii hawapelekwi kwa sababu mbao zake zimeoza. Mlinzi wa geti la nyuma alinipokea kwa furaha.

"Mwewe? Yupo tangu wiki iliyopita, kila siku alfajiri. Aliniambia nisikwambie, eti anataka kukushtukiza."

"Amenishtukiza," nilisema.

Kibanda kile kilijengwa ili ndege wasimwone mtu. Mdogo wangu alikitumia ili watu wasimwone. Nilimkuta ameinama kwenye kitundu cha kutazamia, ndevu hazijanyolewa, shati lilelile la kazini, chupa ya maji ubavuni. Alisikia mbao zikilia chini ya miguu yangu. Hakugeuka. Neno la kwanza alilonipa, baada ya karibu mwaka mzima wa kutoonana, lilikuwa hili:

"Polepole, Dada. Yupo."



"Mama anakufa," nilimwambia.

"Najua." Akageuka sasa. "Nilikuja, Dada. Siku ya kwanza tu nilikuja mpaka nyumbani. Nilifika chini ya dirisha. Nikakusikia unamgeuza. Ile sauti aliyoitoa... ile haikuwa sauti ya Mama."

"Ni sauti ya Mama. Ndiyo ninayolala nayo."

"Sikuweza. Nikasema nitakuja kesho yake. Kesho yake nikapita huku kwanza nipige moyo konde, nikakaa. Ukikaa hapa saa zinakwenda. Halafu akaja huyu." Akaonyesha kitundu kwa kidole. Macho yake yalikuwa mekundu, na bado kwenye pembe ya jicho niliiona ile raha ya utotoni, ya kumwahi kila mtu. "Dada, ni miguu-njano kweli. Fundi alikuwa juu ya tuta, mimi humu. Njoo uone. Njoo, hutaamini."

Akasogea kunipisha. Akanisogezea darubini mpaka ikanigusa kifuani. Niseme ukweli, nilitamani. Nimefanya kazi mle maisha yangu yote, na ndege wa namna hiyo haji mara mbili. Sikutazama. Niliipa darubini mgongo.

"Mama anajua uko hapa," nilisema.

"Umemwambia?"

"Umemwambia wewe. Kwa miguu ya ndege wako."

Alinielewa palepale, yeye huelewa upesi. Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili akakaa kwenye benchi.

"Kasemaje?"

"Kasema una macho."

Alilia pale hadi kamasi. Siku nyingine ningemfuta. Nilimwambia anyanyuke twende, njia tunayo, jua bado liko juu. Akasema hawezi kuingia vile alivyo, ananuka tope, Mama atamwonaje. Kesho asubuhi. Ataoga, atanyoa, atakuja kama mtu. Akaapa kwa kaburi la baba. Nilitaka kumkamata ukosi nimvute, na nguvu ninazo, namnyanyua mgonjwa kila siku. Nikakumbuka neno la Mama. Nataka aje, sitaki aletwe. Nikamwacha.

Kesho yake asubuhi niliweka kiti karibu na kitanda. Nilimpaka Mama mafuta, nikambadilisha shuka. Sikumwambia kwa nini, na hakuuliza, lakini macho aliyaelekeza mlangoni akayaacha hukohuko. Yalikuwa bado yanatazama mlango nilipoingia na uji nikamkuta amekwisha kwenda.

Mwewe alifika Ijumaa. Tena alifika kwa kishindo. Alishuka kwenye gari la kukodi na begi limejaa vumbi, na mpaka leo najiuliza vumbi lile alilipata wapi, maana huku kwetu ni tope tupu. Alianguka mlangoni. Mama Mkubwa, dada yake Mama, mwanamke mwenye sauti ya kuita kivuko, alimwokota akamkumbatia kwenye kanga zake.

"Mtoto amesafiri usiku kucha," aliwatangazia watu. "Mpisheni. Mleteeni maji. Mtoto wa watu amevuka mafuriko."

Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria la chai. Mama Mkubwa aliniona, akaniambia kikombe cha mdogo wangu nikiongeze sukari.

Siku ya mazishi ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya familia. Sikuombwa mimi. Alisema vizuri, sauti ilikatika mahali panapotakiwa kukatika. "Ningekuwa karibu," alisema, "hata kwa kutambaa ningekuja. Lakini daraja..." Akashindwa kuendelea. Watu wakatikisa vichwa, wanawake wakajifuta. Mimi nilitazama viatu vyake. Nilikuwa na chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, na nilikuwa nayo kwa mtoto niliyembeba mgongoni.

Tuliporudi nyumbani watu walitapakaa sebuleni na barazani. Watazamaji wa chama walikaa kwenye kona yao, Mwenyekiti, Fundi Saa na wengine wachache, wamevaa mashati meupe wasiyoyazoea, hawajui mikono waiweke wapi bila darubini. Mwewe alikuwa kwenye kochi karibu yao, amekaa ubavuni kwa Mama Mkubwa, ambaye alimshika mkono kama anayeogopa ataibiwa.

Mama alinikataza kumsema. Sikumsema. Nilivuta kigoda nikakaa mbele ya Mwenyekiti.

"Yule ndege wa Fundi," nilianza, kwa sauti ya kawaida tu. "Mliamuaje?"

Mwenyekiti alitazama huku na huku. "Hayo tuyaache, mama. Siyo ya leo."

"Mama angependa tujue. Ndiyo kitu cha mwisho kilichomchekesha."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimlegeza. "Basi," alisema. "Ameandikwa miguu-kijani. Shahidi ni mmoja. Utaratibu ni wa mama yako mwenyewe, unaujua."

Fundi Saa aliinamisha kichwa. Mzee yule ametazama ndege tangu ujana wake na hajawahi kuwa wa kwanza kumwona ndege hata mmoja. Nilimwonea huruma, na nikamtumia hivyohivyo.

"Mmefanya sawa," nilisema. "Fundi ni kama baba yangu, lakini macho yamezeeka. Jua la asubuhi likipiga kwenye tope, hata miguu ya kuku inakuwa ya manjano. Na nasikia ndege aliita mara tatu. Anayeita mara tatu ni miguu-kijani."

"Aliita mara mbili," alisema Fundi Saa, kwa unyonge.

"Mara tatu, Fundi. Na weupe ulipanda mpaka mgongoni. Umri huo, baba, hakuna wa kukulaumu."

Sikumtazama Mwewe. Sikuhitaji. Namjua mtu huyu. Nilimsikia anavuta pumzi, nikamsikia anaizuia, na nikasikia kochi linalia anavyojigeuza. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwongezee Fundi Saa tusi jingine.

"Mara mbili," alisema Mwewe.

Mama Mkubwa akamtazama. Yeye alikuwa akimtazama Mwenyekiti.

"Aliita mara mbili, na weupe haukupanda popote. Alitoka kwenye mafunjo akatua kwenye tope mbele ya kibanda cha pili, hatua chache tu, jua liko nyuma yangu mimi, halikumpiga mtu machoni. Miguu ya manjano. Fundi hakukosea hata kidogo. Msimwandike miguu-kijani, mtakuwa mmeandika uongo. Mashahidi ni wawili."

Mwenyekiti ni mtu mwema, lakini chama kimemwingia kwenye damu. Mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni ukatoka na kalamu.

"Siku gani?" aliuliza.

"Jumanne," alisema Mwewe. "Jumanne asubuhi."

Fundi Saa alitabasamu. Alisahau kabisa alipo, uso wote ukamfunguka, akampa Mwewe mkono. Mkono ulibaki hewani, maana sebule ilikuwa imekufa kimya. Nilimwona Mwewe anausikia uleule ukimya, mwisho kabisa baada ya watu wote, safari hii yeye ndiye aliyechelewa kuelewa.

"Jumanne ipi?" aliuliza Mama Mkubwa.

 Alimwachia mkono.

"Mdogo wangu amekufa Alhamisi. Wewe Jumanne ulikuwa hapa?"

Nilikuwa nimeingoja dakika ile tangu vumbi la begi. Nilidhani itakuwa tamu. Midomo ya Mwewe ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto aliyevunja kitu, na utamu wenyewe sikuuona. Lakini sikujuta. Niliketi pale kwenye kigoda changu nikasubiri aanguke.

"Niliogopa," alisema. "Nilifika mpaka dirishani, Mama Mkubwa. Niliogopa." Akaanza kulia, si kile kilio cha mlangoni, kingine, kibaya, cha kukosa pumzi. "Muulize Dada. Dada alinikuta kule Jumatano. Yeye anajua nilivyokuwa."

Hapo Mama Mkubwa aligeuza shingo. Na watu wote waligeuka naye, wajomba, majirani, Mwenyekiti na kalamu yake.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua Jumatano mtoto yuko hapo bwawani, na mama yake yuko kitandani anatazama mlango, ukanyamaza?"

"Mama alinikataza," nilisema. "Mama mwenyewe alijua. Alisema anataka aje, hataki aletwe."

Nilisema hivyo nikiwa na uhakika kwamba inatosha. Nilimlea Mama mpaka siku ya mwisho. Nilitii neno lake. Nani angenilaumu? Lakini Mama Mkubwa alikuwa amesimama, na ile sauti ya kuita kivuko haikuwepo. Aliongea chini, nimsikie mimi peke yangu.

"Mdogo wangu nimekua naye. Tangu utoto akitaka kitu husema hakitaki. Ungeniambia mimi. Ningekwenda kumkokota huyu kwenye tope lake mpaka chumbani, na mama yako angetugombeza wote, huku anamwangalia."

 Niliuona mlango, na kiti nilichokiweka, na Mwewe anasukumwa ndani na tope lake mpaka magotini, na Mama anafoka kwa sauti isiyotoka, macho hayambanduki mwanawe. Ilikuwa inawezekana. Nguvu za kumvuta nilikuwa nazo.

Mwewe aliteleza kwenye kochi akaenda chini. Wajomba wakamwinua. Mmoja akasema mtoto ni mtoto, woga si dhambi, na mwingine akasema maskini, amebeba mzigo huu peke yake. Wakampeleka chumbani kwa Mama wakamlaza. Mama Mkubwa akawafuata, akaniamuru niwape njia. Mlango ukafungwa, nikawasikia wanambembeleza kwa zamu.

Ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu nimkute Mama amekwenda. Waliobaki sebuleni walinitazama kidogo, kisha wakatazama pembeni, na hakuna aliyeinuka kuja kunishika.